Ukoka wa Kiwayu

Swaleh mwanangu,

Kumwandikia barua mtu ambaye makubadhi yake yako mlangoni ni kichekesho, najua. Lakini ukirudi kutoka Matondoni kumuaga ami yako utanikuta jikoni, nitakuuliza kama umekula, na haya yote yatabaki kooni kama yalivyobaki miaka yote. Basi nimekaa hapa barazani baada ya sala ya alasiri, na kalamu yako ya chuoni, kabla Wiyoni nzima haijaanza kupita kukuaga. Mgongo unaniuma na mistari naiona miwili miwili. Utanisamehe mwandiko.

Sitakuandikia habari za chandarua wala dawa ya tumbo. Umekaa chuoni bara miaka miwili ukajipikia, ukajifulia, ukarudi mzima, ingawa shati moja lilibadilika rangi. Begi umelipanga vizuri kuliko ambavyo ningelipanga mimi. Nina jambo moja tu, na najijua, nitazunguka sana kabla sijalifikia.

Wiki iliyopita uliporudi kutoka kwenye mahojiano ya kazi ulikuwa unacheka peke yako njiani. Ukaniambia wenye loji wapya wa Kiwayu walikuuliza umejifunza wapi mambo ya kumwagilia bustani, na wewe ukawajibu, "Kabla ya chuo nilifunzwa na mama yangu. Ndiye aliyetandika mipira ya kwanza kwenye bustani yenu." Wakapendezwa, kazi ukapata. Nilikukumbatia, kisha nikaingia ndani nikajifanya natafuta kitu kabatini. Tangu siku hiyo silali sawasawa. Wewe ulidhani ni kwa sababu unaondoka.

Baba yako alipofariki, Mungu amrehemu, ulikuwa huna hata meno ya mbele. Nilirudi nawe kisiwani kwetu Kiwayu, kwa bibi yako, nikaenda kuomba kazi pale loji, nikapewa ya kuvuta mpira wa maji. Kazi yenyewe ilikuwa ya kipuuzi. Tulimwagilia saa sita mchana, jua liko utosini na kusi inavuma, maji yakaruka hewani yakapotelea mchangani upande ambao hakuna hata jani. Vali zilivuja usiku kucha, na chini ya kila bomba palikuwa na kidimbwi ambacho kunguru walikijua. Sisi tulidhani ndivyo bustani za wageni zinavyotunzwa. Mwenye kumwaga zaidi alionekana mchapakazi.

Ndipo akaja Bwana Mutua. Nimekutajia jina lake mara nyingi. Alikuwa fundi wa maji ya bustani kutoka Makueni, mtu mwembamba wa maneno machache, na alitoka mahali ambako maji ni taabu kuliko kwetu. Siku ya kwanza hakugusa pampu. Aliokota vikopo vitupu vya maziwa jikoni, akavipanga kwenye bustani, akafungulia vinyunyizio kwa muda wa chai moja, kisha akazunguka akitazama kila kikopo kimeingia maji kiasi gani. Vingine vilijaa, vingine vilikuwa vikavu kabisa. Wapishi walimcheka. Mimi nilimfuata nyuma nikimbebea vikopo, maana nilitaka kujua anatafuta nini.

Alinifunza kutia kijiti ardhini nione unyevu umefika wapi kabla ya kufungua maji. Aling'oa vinyunyizio vingi tukatandika mipira ya matone, kila mmea na tone lake miguuni. Asumini na mikilua tuliiweka pamoja kwa kuwa inakunywa, na mimea migumu tukaitenga iende kwa umande na bahati yake. Tukafunika udongo kwa makumbi ya nazi. Maji ya kuogea ya wageni tukayapitisha kwenye shimo la kokoto yakaenda kwenye minazi. Saa ya kumwagilia ikawa alfajiri. Katika msimu mmoja pampu ikawa inanguruma muda mfupi sana, na bustani ikachanua kuliko mwanzo. Wewe haya umeyasoma kwa majina mazito na kuyachora kwenye kompyuta. Mimi niliyajua kwa magoti, na ndiyo haya magoti yanayoniamsha sasa.

Alifanya jingine pia. Alishusha kamba ndani ya kisima cha loji, kamba yenye fundo, akanionyesha. "Zuhura, maji yakishuka chini ya hili fundo, unazima pampu. Hata kama meneja amesimama hapa anakuangalia, wewe zima." Nikamuuliza kwa nini. Akanipeleka hadi kijijini, kwenye kisima cha kina mama, nyuma ya kile kilima cha mchanga, tukamkuta bibi yako anateka.

Unakumbuka alivyokuwa anateka? Kule kisima hakitekwi kwa ndoo ya kuzamishwa. Kinatekwa kwa kata, kifuu kwenye mpini mrefu, na unachota juu juu tu, polepole, kisha unasubiri. Msichana aliyezamisha ndoo aligombezwa na kisima kizima. Chini ya mchanga ule kuna maji ya mvua yaliyolala juu ya maji ya bahari. Ukiyachokoza sana, ya chini yanapanda, na visima vyote viwili, cha loji na cha kijiji, vinakunywa humo humo. Bwana Mutua alisimama akamtazama bibi yako akichota, akasema, "Huyu mama ndiye fundi. Mimi na kamba yangu tunamuiga." Bibi yako alifurahi, akajifanya hakusikia.

Kwa hiyo usije ukasema mama hakujua. Niliyajua kwa kuzaliwa, tena nikayajua kwa kufundishwa.

Bwana Mutua alipomaliza mkataba wake akaondoka, nikaachiwa bustani. Mwanamke wa kwanza kushika ufunguo wa pampu. Nilivaa ule ufunguo shingoni kama mkufu, nikawa natembea nao hata sokoni. Nakwambia ukweli, Swaleh, nilijiona. Wanaume waliokuwa wananiita "yule wa mpira" wakaanza kuniita Bi Zuhura.

Kisha meneja akaja na habari ya harusi. Wageni wakubwa wangekuja kufungia ndoa pale, na walitaka ukoka, zulia la kijani kutoka kibarazani mpaka mchanga wa pwani. Akaniuliza, "Bi Zuhura, itawezekana? Ama nitafute mtu kutoka Malindi?" Ni hilo la mtu kutoka Malindi lililonimaliza. Ningeweza kumwambia hapana. Ningeweza kumwambia tupande mlakasa, ule unaotambaa mchangani wenyewe bila kuomba tone la mtu. Niliyafikiria yote hayo nikiwa nimesimama mbele yake, kisha nikasema itawezekana.

Ukoka ukaletwa kwa boti, umekunjwa kama mikeka. Ukoka kwenye mchanga wa Kiwayu, katikati ya kiangazi, ni mtoto anayelia usiku na mchana. Nilirudisha vinyunyizio vyote tulivyoving'oa. Maji yakafika kwenye fundo, nikazima siku mbili. Ukoka ukaanza kugeuka rangi, na meneja akawa anapita asubuhi bila kunisalimia. Siku ya tatu nikaivuta kamba ya Bwana Mutua juu nikaikunja vizuri, nikaiweka stoo. Nikamwita kijana wa jenereta tukashusha pampu pima moja na nusu chini zaidi, nikatega saa yake inyonye mara tatu kwa siku. Maji yakaja kwa nguvu. Meneja alinipigia makofi.

Siku chache baadaye nilikwenda kwa bibi yako, akanipa kikombe kabla sijakaa.

"Zuhura, hebu onda mai haya. Yamengia munyu."

Nilionja. Chumvi ilikuwa kidogo tu, ile inayobaki pembeni ya ulimi. Nikamwambia, "Ni bamvua, mama. Bahari imejaa sana mwezi huu." Aliniangalia. Yeye bahari ilipojaa na ilipokupwa alijua kuliko mimi. Akasema, "Haya. Bamvua hupita," akamwaga kile kikombe kwenye mpilipili.

Bamvua likapita. Maji yakazidi kuwa mabaya. Na hapa ndipo ninapotaka usome taratibu.

Kila mwaka kabla ya mvua kisima cha kijiji hufukuliwa mchanga, na mwenye kazi hiyo alikuwa Mzee Shee. Ndiyo, yule yule wa msemo wetu wa mezani. Mwaka ule alikuwa amekifukua wiki mbili kabla. Watu walipokaa kutafuta chanzo cha chumvi, hawakuangalia upande wa loji hata kidogo, maana loji ilikuwa na fundi, tena fundi mwenyewe mtoto wa kijijini. Walimwangalia Shee. Wakasema amechimba kupita kiasi, ametoboa mpaka kwenye chumvi. Alikuwa mtu wa kelele na majigambo, mgomvi hata na mbuzi wa watu, na wengi walikuwa wanasubiri kosa lake kwa hamu.

Walikusanyika kisimani siku ya Ijumaa, wanaume na wanawake. Mimi nilikuwa nimekuja na dumu langu. Shee alisimama ukingoni, anapiga kelele: "Nimetoa mtanga tu! Mtanga na matope! Sikupita pale babangu alipokuwa akikoma!" Hakuna aliyemsikiliza. Ndipo akaniona. Uso wake ukafunguka, Swaleh. Akaninyooshea mkono.

"Zuhura! Wewe ni fundi wa mai. Waambie!"

Watu wote wakanigeukia, na bibi yako akiwa mmoja wao. Saa ile ile pampu ya loji ilikuwa inanguruma nyuma ya kilima, niliisikia, na nilijua nimeitega mimi. Nikasema, "Pengine ulichimba kidogo zaidi bila kujua, Mzee Shee."

Nilisema hivyo. Kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayemtetea.

Alikaa chini ukingoni pale akawa anapangusa miguu yake mchanga. Hakupewa tena kufukua kisima, si pale wala Mkokoni ng'ambo, wala popote. Kazi ya baba yake na babu yake ilikwisha kwake kwa neno langu moja.

Ukoka uliiona harusi. Wageni walipiga picha. Wiki chache baadaye ukaungua wote, kwa sababu maji niliyokuwa nikiumwagia yalikuwa na chumvi ile ile, na meneja akasema si kitu, harusi imepita. Akazima vinyunyizio mwenyewe. Kijijini watu walianza kuteka kwenye jabia, ile sakafu ya saruji inayokusanya mvua, na ilikauka kabla ya mwezi kwisha. Baada ya hapo maji yakawa yanaletwa kwa boti kwenye madumu, kwa zamu. Bibi yako alivumilia kiangazi kile kimoja. Kisha mimi nikaacha kazi, nikawachukua nyote wawili nikawaleta hapa Wiyoni. Nilikwambia tunahamia Amu mjini kwa ajili ya shule yako. Alikunywa maji ya bomba ya hapa miaka yake yote iliyobaki, na kila kikombe alikikunjia uso kidogo. Sikumwambia. Nilikuwa na miaka sita ya kumwambia. Siku alipokufa nilikuwa nimeshika mkono wake, na hata hapo sikusema.

Na sisi hapa nyumbani tulifanya nini? Tulicheka. Mtu akikwangua sufuria hadi chini tulimwambia, "Unachimba kama Shee." Wewe uliokota msemo huo utotoni kutoka kwa watu wa Kiwayu waliotutembelea, ukawa unausema mezani, na mimi nilikuwa nikicheka pamoja nawe. Kesho kutwa utakaa na wafanyakazi wenzako kule, mtu atakusimulia kisa cha mzee mjinga aliyeharibu kisima cha watu, na wewe utacheka kwa sababu nimekulea ukikicheka. Hilo ndilo nisiloweza kulibeba zaidi ya hapa. Mzee Shee yu hai. Manahodha wananiambia anashinda mlangoni kwake akishona nyavu za wengine. Maji nayo nasikia yamerudi kunyweka, miaka ambayo mvua ni nzuri, tangu loji ilipofungwa. Sasa inafunguliwa.

Ile picha uliyonionyesha kwenye simu, mchoro wa bustani mpya, uliipitisha haraka lakini niliiona. Mbele ya vyumba pamepakwa kijani kutoka ukuta hadi ukuta. Sikukuuliza ni nini kwa sababu nakijua.

Sitakwambia la kufanya. Umesoma, una vifaa vinavyopima unyevu wa udongo na kukutumia ujumbe kitandani, jambo ambalo mimi naliona ni uvivu lakini nakubali linafaa. Niliyonayo ni haya ya kwangu. Kusema hapana ni rahisi siku ya kwanza, wakati bado wanakutazama na kukuheshimu, na kila siku inayopita kunakuwa kugumu. Mimi niliisubiri siku nzuri ya kuisema na siku hiyo haikuja. Jingine ni kwamba saa ya pampu haina ulimi. Unayo wewe. Kila asubuhi onja maji ya kisima cha loji, kisha panda kilima ukaonje ya kina mama, na ukiwakuta wanateka wasalimie na usiwe na haraka. Ukisikia chumvi pembeni ya ulimi, usijitafutie bamvua.

Na watu wanaponisifu hapa, "Bi Zuhura wa matone," nataka ujue kilicho chini yake. Miaka yote hii nimekuwa nikipita bustani za Shela nikiziba vali za watu, nikiwabishia matajiri juu ya ukoka wao, nikirudi na tope mpaka viwikoni. Wewe ulidhani napenda kazi. Naipenda, ndiyo. Lakini zaidi nilikuwa najaribu kulipa kimya kimya kitu ambacho hakilipiki kimya kimya. Nimeokoa maji mengi, Swaleh, na hakuna tone hata moja lililomfikia Mzee Shee. Nimechoka, mwanangu. Kazi haijanichosha kama kunyamaza kulivyonichosha.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kukuomba unifikishie salamu kwake. Niliandika ukurasa mzima: umwambie hivi, umpelekee kanzu hii, umwombee mama yako msamaha. Nikausoma. Nikaona namtuma tena mtu mwingine abebe mzigo wangu mbele ya watu, na safari hii ni wewe. Nimeuchana, vipande viko kwenye jiko.

Kwa hiyo usiniage kesho asubuhi gatini. Nimempigia nahodha simu, nimemwambia tuko wawili. Nitaomba watu wakusanyike kisimani baada ya sala ya adhuhuri, walewale waliobaki, nami nitasema nilichopaswa kusema siku ile, mbele yake na kwa sauti ile ile waliyonisikia nayo. Watakujua wewe ni mwana wa nani kabla hujashika hata ufunguo wa pampu, na wenye loji pia watasikia yule mama uliyewasifia alikuwa nani. Huenda ikakuharibia. Nimelifikiria hilo mchana kutwa na sijapata njia ya kukukwepeshea. Nisamehe, au usinisamehe sasa, lolote utakaloweza.

Usije kisimani kusimama nami. Wewe nenda kazini kwako kama ulivyopangiwa. Mimi nikimaliza nitapita bustanini kukuaga, ikiwa bado utataka kuagwa na mimi.

Mama yako,
Zuhura